Tupeane uzoefu: Injini ya dizeli ya mtumba inatetemeka ikiwa sailensi, tuanzie wapi kupima?

Mleta mada
Wakuu, habari za kazi. Uzi huu ni wa wenye Hilux, Prado na Hiace za 1KD-FTV, ile D-4D ya lita 3 yenye silinda nne, ila wa dizeli nyingine nao karibuni. Dalili ni ileile: gari ikiwa sailensi, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, inatetemeka hadi usukani, au mshale wa RPM haukai sehemu moja. Mwenye gari akifika gereji anaambiwa palepale alete nozeli nne mpya, zile zinazopuliza mafuta ndani ya silinda. Anatoa pesa nyingi, na mara nyingi mtetemo unabaki. Naomba tuandike vipimo vya kufanya kabla ya kununua chochote.

Fundi pampu
Mkuu, swali la kwanza ni inatetemeka LINI.

Asubuhi tu, dakika ya kwanza au ya pili, na moshi mweupe unaochoma macho, halafu inatulia: pima hita plagi, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha. Zitoe kwenye ule mkanda wa chuma unaoziunganisha, kisha weka multimita kwenye ohm. Plagi nzima ikiwa ya baridi husoma ohm chache sana, karibu moja. Isiyosoma kitu imekatika.

Inawaka vizuri baada ya kulala, inakimbia sekunde chache, inayumba au inazima, ukiwasha tena inakubali: kuna upepo unaingia kwenye njia ya mafuta.

Mdundo mmoja unaojirudia muda wote, baridi na moto: silinda moja haichangii sawa na wenzake.

Mshale unapanda na kushuka taratibu bila mdundo maalumu, na gari inataka kuzima ukiachia mafuta ghafla: angalia SCV, ile valvu iliyo kwenye pampu inayopima mafuta ya kuingia. Ikianza kukwama, presha ya reli, lile bomba la pamoja linalogawia nozeli mafuta, inayumba. Kompyuta ya gari mara nyingi huleta msimbo wa hitilafu P1229 au P0087. Lakini badili filta kwanza, maana filta iliyoziba nayo huleta P0087.

Dereva wa Hiace
Kwenye upepo niongezee. Kata kipande cha paipu angavu inayohimili dizeli, kifunge kati ya filta na pampu, washa gari, utazame kwa tochi. Mapovu madogo yanayopita mfululizo yanaonyesha hewa inaingia kabla ya hapo: klipu zilizolegea, mpira uliopasuka chini ya bodi, au oringi ya filta iliyokaa vibaya siku ya sevisi. Usitafute tone la dizeli chini. Upande huo pampu inavuta, kwa hiyo hewa inaweza kuingia bila mafuta kutoka.

Chukua pia dizeli kutoka chini ya filta, weka kwenye chupa ya kioo, uiache itulie nusu saa. Maji yatakaa chini na utauona mstari. Ukikuta maji, safisha tenki kabla ya kufunga filta mpya.

Fundi pampu
Sahihi kabisa. Na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni mbaya zaidi kwa sababu kwa macho huioni. Pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa hayana ulaini huo, kwa hiyo chuma kinasaga chuma.

Mgeni
Wakuu, fundi wa mtaani kaniambia nilegeze nati za paipu za nozeli moja moja huku gari inaunguruma, ile isiyobadilisha mlio ndiyo mbovu. Ni salama?

Fundi pampu
USIFANYE HIVYO kwenye D-4D, ndugu yangu. Njia hiyo ni ya injini zenye pampu za zamani: 1HZ, 2L, 3L, 5L. Reli ya 1KD inaweza kufika bar 1,600 gari ikivuta, na hata ikiwa sailensi iko mamia ya bar. Mchirizi wa dizeli kwa presha hiyo hupenya ngozi na kuingia mwilini, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono. Mtu akipigwa nao aende hospitali hapohapo, hata kama tundu ni dogo kama la sindano.

Fundi umeme wa magari
Njia salama ni skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Injini ikishapata moto, fungua data mubashara utafute marekebisho ya nozeli, namba nne, moja kwa kila silinda. Chanya maana yake kompyuta inaongeza mafuta kwa silinda dhaifu, hasi inapunguza kwa inayopata mengi. Mafundi wengi huona ndani ya 3 kila upande wa sifuri ni kawaida. Ukiona 0.4, -0.9, 4.8, -1.1, shida iko silinda ya tatu.

Lakini msihukumu nozeli hapo! Kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, ikishuka, namba hupanda vilevile. Pima kupitia tundu la hita plagi kwa geji ya dizeli, ya petroli haitoshi. Silinda zisipishane zaidi ya bar 5.

Na kama namba zote ni nzuri ila bodi inatetemeka, hasa ukiweka gia ya D na kushika breki, angalia mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini.

Mleta mada
Vipi kupima kwa vichupa mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli?

Fundi pampu
Kwa injini ambazo paipu za marejesho ziko nje ni kipimo kizuri: chupa nne, dakika chache, inayojaa kupita wenzake imelika ndani. Kwenye 1KD bomba la marejesho liko chini ya kava la juu, ndiyo maana tunategemea namba za skana. Likivuja humo, dizeli inaingia kwenye oili. Stiki ya kupimia oili ikionyesha oili inaongezeka badala ya kupungua, anza hapo.

Ukifungua kava, angalia shingo za nozeli. Utando mgumu mweusi unaong'aa kama lami iliyokauka unaonyesha wosha ya chini, ile pete inayoziba chini ya nozeli, imeachia na moto wa silinda unapanda. Toa nozeli, safisha kikalio chake hadi chuma king'ae, ziba tundu masizi yasidondoke ndani, weka wosha mpya. Ya zamani isirudi. Nozeli ikiwa mpya, msimbo wake uingizwe kwenye kompyuta, la sivyo injini inaweza kuendelea kutetemeka.

Wosha ikiwa imevuja, usifunge gari bado. Masizi hayo hushuka kwenye oili na kuziba chujio la pampu ya oili. Taa ya oili inayochelewa kuzimika ukiwasha ni dalili yake. Fungua sampu ndogo ya chini, lile bakuli la oili, ukikuta wavu umejaa chembe nyeusi usafishe, ndipo uweke oili mpya, karibu lita 7, na filta yake.