Mrejesho: Saa 11 za kusubiri ndege Singapore

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama naweza kutoka uwanja wa Changi nikaone mji, kwa kuwa wenye pasi kama yangu hawahitaji viza Singapore. Nilitoka, ahsanteni sana!

Aliyesema nijaze fomu ya kuingia mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika, Mungu ambariki. Ni bure, na uhamiaji sikukaa hata dakika kumi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiiache nyumbani.

Nilipanda treni, nikabadilisha kituo cha Tanah Merah. Merlion nimemwona: sanamu ya simba mwenye mkia wa samaki, anatema maji, upepo ukayaleta manyunyu mpaka miwani ikalowa. Nilisimama pale kama mtoto. Bustani za Gardens by the Bay sikufika, mvua kubwa ilinikamata nikajibanza chini ya daraja kwa muda wa karibu saa mbili. Hilo limeniuma.

Nikarudi mapema kuangalia maporomoko ya maji ya ndani ya Jewel, jengo la maduka la pale uwanjani Changi, mita 40 kwenda juu. Yako nje ya ukaguzi wa pasi, kwa hiyo mwenye muda mfupi aanzie hapo.