Kambini kina mama wanasema maziwa yamekauka, na tumeletewa makopo ya maziwa ya unga: tufanyeje?

Bi_Afya
Habari zenu wakuu. Tunahudumia familia zilizohamishwa na mafuriko. Kina mama kadhaa wenye watoto chini ya miezi 6 wanalalamika kwamba maziwa yamekatika kwa hofu na kukosa chakula. Wahisani wameleta katoni za maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea. Wenzangu wanataka tugawe leo leo, kila mwenye mtoto apate kopo mbili. Mimi nasita. Mnashauri nini?

mkunga_mstaafu
Umesita vizuri, dada. Fungieni katoni hizo stoo kwanza.

Baada ya tetemeko la Yogyakarta, Indonesia, mwaka 2006, maziwa ya kopo ya msaada yaligawiwa ovyo. Kuhara kwa watoto waliopewa maziwa hayo kulikuwa karibu mara mbili ya wale ambao hawakupewa. Maji machafu na chupa isiyochemshwa vinatosha kumwangusha mtoto, na kila mlo wa kopo unampunguzia mama maziwa kwa sababu ziwa hutengeneza kadiri linavyonyonywa.

Hofu haikaushi maziwa. Inachofanya ni kuzuia kwa muda homoni ya oksitosini, ile inayoyasukuma yatoke. Yamo, ila yanachelewa kushuka, mtoto anakasirika na kuachia, mama anaamini yameisha. Mtafutieni pembe yenye faragha, maji ya kunywa, mtu wa kumkanda mgongo, na mtoto alale kifuani ngozi kwa ngozi. Njaa nayo haikati maziwa kirahisi, labda mama awe na utapiamlo mkali. Kwa hiyo mlisheni mama: anahitaji takriban kalori 500 za ziada kwa siku, na asipangwe foleni ndefu ya chakula.

Kisha mtazame akinyonyesha, tangu mwanzo hadi mtoto aachie mwenyewe. Mdomo uachame sana, mdomo wa chini upinduke nje, kidevu kiguse ziwa, na weusi wa ziwa uonekane zaidi upande wa juu. Mkisikia sauti za kubusubusu na mashavu yanabonyea ndani, ameshika chuchu tupu. Mwachisheni kwa kuingiza kidole safi pembeni mwa mdomo, aanze upya. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku pia. Mtoto aliyevuka wiki ya kwanza akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo mweupe usio na harufu kali, na uzito unapanda, maziwa yanatosha hata kama mama anaona ziwa limelegea.

Jembe2
Hapo sawa, lakini joto la hemani si mchezo. Si watoto wapewe maji kidogo?

mkunga_mstaafu
Hapana, ndugu. Maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji. Joto likizidi, mnyonyesheni mara nyingi zaidi, na mama ndiye anywe maji. Mtoto akihara pia aendelee kunyonya, pamoja na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na zinki kama mhudumu atakavyoelekeza.

Lishe_Shambani
Niongezee kwa aliyeacha kabisa kunyonyesha au aliyepokea mtoto yatima. Maziwa yanaweza kurudi kwa siku kadhaa hadi wiki chache, ila mtoto lazima anyonye huku anashiba, vinginevyo anagoma.

Tumieni mrija laini wa kulishia, namba 8. Ncha moja ikae kwenye kikombe cha maziwa, nyingine ibanwe sambamba na chuchu ili mtoto avishike vyote pamoja. Mwanzoni kikombe kiwe sentimita 5 hadi 10 chini ya chuchu. Akizoea, kishusheni polepole hadi sentimita 30, afanye kazi zaidi. Kosa ninaloliona sana ni kuinua kikombe juu ya chuchu: maziwa yanatiririka yenyewe, mtoto anapaliwa, na ziwa halichochewi. Baada ya kila mlo piteni maji safi ndani ya mrija kwa bomba la sindano, kisha uzungusheni kwa nguvu utoe matone.

Kiasi: mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 4 ni mililita 600, yaani 75 kwa milo 8. Maziwa ya mama yakianza kutoka, punguzeni hayo ya kikombe taratibu huku mnapima uzito.

Asiye na mama, ulizeni kwanza kama yupo ndugu anayenyonyesha, aliyepimwa akaonekana hana VVU. Asipopatikana, hapo ndipo kopo lina kazi. Unga wake hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu, kwa hiyo maji yachemke, yasikae zaidi ya nusu saa, yawe bado na nyuzi 70 au zaidi yanapomiminwa (maji kidogo hupoa upesi, angalieni). Poozeni, mpeni papo hapo, yanayobaki baada ya saa 2 mwageni. Tumieni kikombe kisicho na mdomo mwembamba, mtoto akae wima, maziwa yaguse tu midomo, alambe mwenyewe. Msimimine. Chupa hizo msizigawe kabisa, hazisafishiki kambini.

Mama mwenye VVU anayetumia dawa anyonyeshe. Kama dawa zake zimesombwa na maji, zitafutwe leo, na za mtoto pia.

Bi_Afya
Nimeelewa. Na katoni zilizokwisha kufika?

Lishe_Shambani
Mkabidhini mratibu wa lishe wa eneo. Yeye ataamua kama yatatengwa kwa watoto waliopimwa na kuandikishwa mmoja mmoja, au yachanganywe kwenye uji wa jikoni la pamoja wa wakubwa. Na waambieni wahisani wasilete mengine.