Laptopu ya nyumbani imekuwa nzito: RAM, SSD, kupiga Windows upya au Linux?

Mkaakimya
Habari za wakati huu wakuu. Nina laptopu inayotumiwa na familia nzima: watoto kwa masomo, mimi kwa barua na mahesabu, mwenzangu kwa vikao vya video. Prosesa ni Core i5 kizazi cha 4, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) GB 4, diski ni ile ya kuzunguka ya GB 500, ndani kuna Windows 10. Ikiwaka, kipanya kinasogea vizuri, lakini ukibofya kitu hakifunguki kwa dakika kadhaa. Nimeshauriwa mambo manne: kuongeza RAM, kuweka SSD (diski ya chipu isiyozunguka), kupiga Windows upya, au kuhamia Linux (mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta). Fedha iliyopo inatosha jambo moja. Lipi litangulie?

Nahodha_wa_Data
RAM, bila kusita. GB 4 kwa Windows 10 ni kidogo mno: mfumo ukishatulia umeshakula sehemu kubwa, kivinjari chenye vichupo kadhaa kinamaliza kilichobaki. Angalia kama kuna sloti ya pili iliyo wazi. Vijiti viwili vya RAM vinavyolingana vinasomwa kwa pamoja, na kwa kuwa i5 hiyo inaazima RAM hiyohiyo kwa ajili ya michoro, hata video zitanufaika.

FundiBisibisi
Mkuu Nahodha, kuhusu GB 4 tuko pamoja, ila dalili alizotaja mwenye mada zinaelekeza kwingine. Kipanya kinasogea, maana yake prosesa haijaelemewa. Kinachosubiriwa ni faili kutoka kwenye diski.

Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11, na kabla ya hapo kichwa cha kusomea lazima kisogee hadi kwenye njia yenye faili. Kwa hiyo kila ombi dogo linagharimu milisekunde kumi na zaidi, na Windows inapowaka inaomba maelfu ya vifaili vilivyotawanyika. SSD haina kinachozunguka. Ombi kama hilo inalijibu kwa sehemu ya kumi ya milisekunde au pungufu. Watu hutazama kasi ya kunakili faili kubwa, MB 100 kwa sekunde dhidi ya 550, wakadhani tofauti ni mara tano tu. Kwenye faili ndogo pengo ni kubwa mno kuliko hilo, na faili ndogo ndizo unazozisubiri kila siku.

Ila usinunue kwa maneno yangu. Washa mashine, bonyeza Ctrl+Shift+Esc wakati imeganda, ingia sehemu ya utendaji, utuletee asilimia za prosesa, kumbukumbu na diski.

Bi_Mpangilio
Kabla ya kutoa hata senti, fanyeni usafi. Humohumo kwenye Task Manager (dirisha hilo la Ctrl+Shift+Esc) kuna orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe; zima zote usizozihitaji mara tu mashine inapowaka. Kama kuna antivairasi mbili, ondoa moja, kwa sababu kila faili inayofunguliwa inakaguliwa mara mbili.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kwenye Windows za sasa, "kuzima" mara nyingi si kuzima kamili. Kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kesho yake. Anayetaka mashine ianze upya kweli achague kuwasha upya. Na tafadhali msipakue zile programu zinazojinadi kuwa zinasafisha rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) na kuongeza kasi. Hazina faida unayoweza kuipima, na zinaweza kuharibu mfumo mzima.

Jicho_la_Tatu
Hamjagusa suala la usalama. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Mashine hii haimo. Linux Mint yenye Xfce (toleo la Linux lenye mwonekano mwepesi) itaendelea kupata masasisho na ni nyepesi kwa RAM. Unaijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo.

FundiBisibisi
Hoja ya usalama ni nzito, naiunga mkono. Lakini Linux nayo ikikaa kwenye diski ileile itasoma kwa mwendo uleule.

Mkaakimya
Nimepima wakati imeganda: prosesa asilimia 12, kumbukumbu 78, diski 100. Cha ajabu, kasi ya diski inaonyesha MB 1 hadi 2 kwa sekunde tu. Antivairasi zilikuwa mbili kweli, nimetoa moja. Kuna nafuu kidogo.

FundiBisibisi
Wala si ajabu mkuu. Asilimia 100 hapo ni muda ambao diski iko kazini, na muda wote huo kichwa kinahangaika kutafuta vipande. Inaweza pia kuwa diski inaelekea kufa, kwa hiyo soma taarifa zake za SMART (rekodi ya afya ambayo diski hujitunzia) kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ukiona sekta (vipande vya diski) zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa, nakili picha na nyaraka leo hii, mengine baadaye.

Kwa vipimo hivyo, SSD itangulie. Chukua ya SATA ya inchi 2.5, inayokaa palepale ilipo diski ya sasa. Zile ndefu nyembamba za NVMe uziache, laptopu za kizazi hicho kwa kawaida hazina sloti yake. Mfumo uweke mpya badala ya kunakili diski nzima, hivyo kazi ya kupiga upya inakuwa imefanyika palepale.

Nahodha_wa_Data
Kwa takwimu hizo nakubali, 78 bado haijafurika. Ila fungua kikao cha video na vichupo vya watoto kwa wakati mmoja uone. Ikigonga 90 na kuendelea, mfumo unaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, na hata SSD si mbadala wa RAM. Siku ukinunua, hakikisha ni RAM ya aina ya DDR3L ya volti 1.35. DDR3 ya volti 1.5 inaingia kwenye sloti vizuri kabisa, lakini mashine inaweza kukataa kuwaka.

Mkaakimya
Nimeelewa. Nitaweka SSD, halafu niijaribu Mint kwa flashi kabla ya kuamua mfumo wa kuweka. Diski ya zamani niifanyeje?

FundiBisibisi
Kama SMART iko safi, itie kwenye kasha la USB uitumie kuhifadhia nakala. Usiifute mpaka uwe umefungua faili za kila mtu kwenye SSD na kuona zimekamilika, hasa nyaraka zilizoachwa kwenye skrini ya kazi. Hizo ndizo husahaulika.