MREJESHO: Ninunue kamera mpya ya DSLR au nibaki na ya zamani?

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi) ingetibu picha za ndani kutoka na ukungu na chenga. Sijanunua. Nimefuata ushauri wenu wa lenzi ya 50mm f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi huingia), na kweli tatizo lilikuwa lenzi. Ile yangu ya 18-55mm ikivutwa hadi 50mm inaishia f/5.6; kwa hii ya f/1.8, mwanga uleule na ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) 1600, kasi ya shata imepanda kutoka sekunde 1/15 hadi 1/125. Mtikisiko wa mkono umekwisha.

Kasoro zipo. Kwenye sensa (kinasa picha ndani ya kamera) ya APS-C, ambayo ni ndogo kuliko ya full-frame, 50mm inabana kama 75mm au 80mm ya full-frame, kwa hiyo picha ya kundi kwenye chumba kidogo haiingii. Hapo 18-55 na flashi ya kudunda darini bado vinahitajika. Na f/1.8 kwa karibu hukupa jicho moja lililo wazi, la pili lina ukungu. f/2.8 ni salama zaidi.

Madoa ya vumbi kwenye sensa (yanaonekana ukipiga ukuta mweupe kwa f/16): pampu ya hewa imetoa mengi, moja limeganda. Hilo ni la fundi.

Aliyesema nibadilishe bodi kwanza, samahani mkuu, umekosea.