Kapteni wa msimu wa 2026: Remco, Vingegaard au babu Roglič? Naombeni mawazo kabla ya Jumapili

Mzee_wa_Spoku
Wakuu habari za majukumu. Tuna kiligi chetu cha kubashiri baiskeli, kila mtu anachagua kapteni mmoja wa msimu mzima na pointi zake zinahesabiwa mara mbili. Majina yanafungwa Jumapili usiku. Mimi nimebaki na watatu, Remco Evenepoel, Jonas Vingegaard na Primož Roglič. Moyo wangu uko kwa Remco, tangu nimwone kwenye mashindano ya dunia Kigali mwezi wa tisa sijatulia, ila kila nikitaka kuandika jina lake mkono unasita maana yule dogo anavunjika kama kikombe cha udongo. Mbuzi yuko mezani, atakayeshika mkia ndiye analipa. Nawasilisha.

FundiCheni
Mkuu umeleta uzi nusu. Yule Mslovenia Pogačar anayeshinda karibu kila kitu yuko wapi kwenye hiyo orodha? Pointi ni za mbio zipi, za wiki tatu tu (Giro ya Italia, Tour ya Ufaransa, Vuelta ya Hispania) au na za siku moja? Kapteni akivunjika mwezi wa tatu unaruhusiwa kubadilisha au unakufa naye? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli hapa.

BondeLaUfa
Wasee hiyo swali ya mwisho ndio kila kitu. Kama hakuna sabu, Remco ni kamari. Leta sheria kwanza buda.

Dada_Pedali
Mimi sisubiri sheria, Remco, tena bila kupepesa macho. Kijana alikuwa mcheza mpira, akademi ya Anderlecht na PSV, kaanza baiskeli 2017 na 2018 akabeba dunia ya vijana mara mbili kule Innsbruck, barabarani na kwenye mbio za saa, zile za kila mtu peke yake. Liège, ile mbio ya siku moja ya Ubelgiji, 2022 na 2023. Vuelta na ubingwa wa dunia mwaka mmoja, 2022. Paris 2024 dhahabu mbili, barabara na saa, hakuna mwanaume aliyewahi kufanya hivyo kwenye Olimpiki moja, na ile picha kasimama mbele ya mnara wa Eiffel kaishusha baiskeli pembeni mikono kaitanua bado ndo ya simu yangu. Mbio za saa za dunia kachukua tatu mfululizo, Glasgow, Zurich, Kigali. Mnataka nini tena?

Mlalahoi_wa_Sinza
Dada umesoma ukurasa mmoja tu, ngoja nikusomee wa pili. Agosti 2020 mbio ya Lombardia kule Italia, anashuka mlima wa Sormano anagonga ukingo wa daraja anaenda chini korongoni, nyonga imevunjika na pafu limeumia. 2021 anarudi moja kwa moja kwenye Giro, anaachia njiani. Giro 2023 ana jezi ya pinki kabisa mwilini, kashinda mbio za saa siku hiyo hiyo, jioni kipimo cha korona, kwaheri. Aprili 2024 Nchi ya Basque, mtulinga na bega. Desemba 2024 yuko mazoezini kwao Ubelgiji, gari ya posta inafungua mlango, mbavu, bega, mkono. Tour 2025 yuko wa tatu, anaachia njiani kwenye mlima wa Tourmalet. Huo ni mwili wa kuwekea mbuzi?

Dada_Pedali
Sasa hapo umechanganya mafaili. Kati ya hayo yote kosa lake ni moja tu, lile la daraja, alipima kona vibaya. Korona ni kosa la mtu? Basque walianguka kundi zima, Vingegaard wako alitoka pale na pafu limeingia hewa na mtulinga na mbavu, Roglič naye alikuwa humo humo. Mlango wa gari nao alifungua yeye? Mbona hamuiti Vingegaard kikombe cha udongo.

KimihururaJuu
Niwape ya macho yangu. Siku ya mbio za saa nilisimama kwenye ile kona ya mawe Kimihurura, watu wamebanana hadi juu ya kuta. Pogačar alianza dakika mbili na nusu mbele yake. Sisi tunasikia pikipiki zinapanda, tunajua anakuja Pogačar, kweli anakuja, jezi ya Slovenia, mabega yanacheza, mdomo wazi. Halafu nyuma yake naona rangi ya dhahabu. Mwanzo nikadhani ni mwingine kabisa aliyechanganyiwa muda. Ni Remco! Kichwa chini, mgongo umelala, hauoni hata anapumua, akampita kwenye mawe yale yale ambayo sisi wenyewe tunayapanda tukisukuma. Hakumwangalia. Mzee mmoja pembeni yangu alishika kichwa kwa mikono miwili akawa anacheka peke yake. Kwa hiyo nyie endeleeni na hesabu za mifupa, mimi nimeona mtu akimpita Pogačar mlimani.

Mlalahoi_wa_Sinza
Na Jumapili yake je? Malizia basi kaka. Mbio za barabarani, kagonga shimo, siti ikakaa vibaya, kabadilisha baiskeli, hiyo nayo haikumkaa, kabadilisha tena, na kati hapo tumemuona amesimama pembeni anarusha mikono anagombana na gari la timu ambalo hata halijafika. Wakati huo Pogačar ameshaondoka zake, kilomita zaidi ya 100 kabla ya mwisho. Hapo ndipo mimi huwa nasema tatizo la Remco siyo mifupa, ni kichwa.

KimihururaJuu
Malizia na wewe, alimaliza wa pili! Kwenye mbio ya kilomita 267 na milima vile ambapo waliomaliza ni 30 tu, mtu kapoteza muda kwa kubadilisha baiskeli mara mbili na bado Mwairishi Healy, aliyekuwa wa tatu, akabaki nyuma yake. Kichwa kibovu kingepanda basi kikaenda kuoga.

BondeLaUfa
Hapo umesema. Mimi huyu jamaa namuona ni mtu wa siku. Vuelta 2023 ile etapu (hatua ya siku) ya kuishia Tourmalet alipoteza dakika 27, manze dakika ishirini na saba, kila mtu akaandika amekwisha. Kesho yake akatoroka akashinda akilia. Huwezi jua utampata yupi asubuhi. Kwa kapteni wa msimu mzima hiyo ni shida, kwa kuangalia TV ni raha tupu.

Dada_Pedali
Kulia siyo ugonjwa jamani. Nyie mnataka watu wa baridi kama Vingegaard, haongei, hacheki, zamani alikuwa kwenye kiwanda cha samaki na sura bado ya zamu ya usiku.

Mlalahoi_wa_Sinza
Haha na huyo wa zamu ya usiku ana Tour mbili, 2022 na 2023, na Vuelta ya 2025 kabatini, jukwaa wamemtengenezea kwa makasha ya barafu kwenye maegesho kwa sababu ya maandamano Madrid na wala hakununa. Hiyo ndiyo tabia ya kapteni. Remco angeandika waraka.

FundiCheni
Mnaongea mlango wa gari kama utani, ngoja niwaambie mlango ni nini. Nilikuwa natoka mazoezini asubuhi, barabara ya Bagamoyo, nipo kushoto kabisa nafuata mstari, mbele kuna Noah imesimama taa hazijawashwa hakuna lolote, mimi najua imeegesha tu. Nafika usawa wa mlango wa nyuma abiria anausukuma kwa mguu, ana mfuko mikononi. Sikupata hata muda wa kushika breki. Nilichosikia ni mlio wa spoku tu halafu naangalia angani, na kitu cha kwanza nilichotafuta siyo mkono, ni baiskeli iko wapi isije ikakanyagwa. Uma umepinda, tairi la mbele limekuwa yai. Watu wamejaa, mmoja ananivuta mkono ule ule uliovunjika eti nisimame. Dereva kashuka, kaangalia mlango wake, kaniuliza nani atamlipia bawaba! Nimekaa hospitali nusu siku kwenye benchi nimeshika kiwiko, picha ikatoka mtulinga vipande viwili. Sasa mfupa uliunga wenyewe, hilo siyo tatizo, mifupa huunga. Kilichobaki ni kwamba mpaka leo nikiona gari imeegesha mikono yangu inahama yenyewe kwenda katikati ya barabara, nikipigiwa honi na daladala ndo nashtuka niko wapi. Ndio maana nikaangalia kwa jicho lingine lile la Remco. Kagongwa na mlango Desemba, kakaa bila baiskeli, 18 Aprili 2025 mbio yake ya kwanza Brabantse Pijl anamshinda Wout van Aert kwa spidi ya mwisho, tena huyo ni Van Aert siyo mtoto. Mtu aliyepigwa mlango anajua hicho ni kitu gani. Msiniambie habari ya kichwa dhaifu.

Mlalahoi_wa_Sinza
Pole sana mkuu, hilo la bawaba limeniuma kuliko mtulinga. Bawaba uliilipa?

FundiCheni
Hata senti.

KivuVelo
Bonjour ndugu zangu, miye niko Goma. Huku velo (baiskeli) yetu ni chukudu ya mbao lakini mbio tunafuata kabisa. Miye napenda Roglič, juu alianguka zaidi ya hao wote na bado anarudi. Alikuwa mruka theluji, akaanguka Planica 2007, akaja kwenye velo akiwa mtu mzima, akapata Vuelta ine na Giro 2023. Tour 2022 bega lilitoka, akaomba kiti kwa mtu wa barabarani akalirudisha yeye mwenyewe. Huyo njo mwanaume.

BondeLaUfa
Na kisha akaachia hiyo Tour. Na ya 2021. Na ya 2024. Na Giro ya 2025. Karibu Goma ndugu, lakini mzee anafika 36 na kila mwaka lami inamtafuta. Heshima zote ila si kapteni.

Mzee_wa_Spoku
Samahanini nilikuwa kazini. Sheria hizi hapa. Pogačar haruhusiwi kuwa kapteni, msimu uliopita karibu wote tulimuweka ligi ikakosa maana. Pointi zinatoka Giro, Tour, Vuelta, zile tano za siku moja kuanzia Sanremo hadi Lombardia, na mashindano ya dunia. Kubadilisha ni mara moja tu na mwisho ni kabla Tour haijaanza, ukiumia baada ya hapo shauri yako.

FundiCheni
Si ndo ungeanza na hiyo! Hesabu imebadilika yote. Vingegaard za siku moja humuoni, na hata akija ni matembezi, mashindano ya Ulaya 2025 aliachia zaidi ya kilomita 100 kabla ya mwisho. Remco ana Liège, ana Lombardia wa pili 2025, ana dunia. Na akivunjika mapema kama kawaida yake unamtoa kabla ya Tour.

Mlalahoi_wa_Sinza
Ila kuna kitu hamjakigusa. Remco kahamia timu ya Red Bull kuanzia 2026. Humo ndani kuna Roglič, kuna Mjerumani Lipowitz aliyemaliza wa tatu Tour 2025 huku Remco yuko nyumbani. Majogoo matatu chungu kimoja. Mashindano ya dunia Leuven 2021 aliwekwa kumfanyia kazi Mbelgiji mwenzake Van Aert, baadaye akasema alikuwa na miguu ya kushinda, Ubelgiji nzima ikagombana. Mkimwambia mwezi wa saba amvutie Mjerumani maji mtaona.

Dada_Pedali
Hamvutii mtu maji.

BondeLaUfa
Kwa mambo ya kuanguka, sisi Kenya tuliona na Froome. Jamaa amezaliwa Nairobi, amefunzwa na kocha Kinjah kule Kikuyu, Tour nne, halafu Juni 2019 Roanne anakagua njia ya mbio za saa anatoa mkono kwa usukani apenge makamasi, upepo, ukuta. Paja, kiwiko, mbavu, shingo. Hakuwahi kurudi yule wa zamani. Etapu ya Alpe d'Huez 2022 alikuwa wa tatu tukapiga nduru kama ameshinda. Kwa hiyo mkisema mifupa inaunga, inaunga, lakini si kila mtu anarudi na watts (nguvu) zile zile.

Mlalahoi_wa_Sinza
Froome Mwingereza bana, msituletee.

BondeLaUfa
Alikimbia Melbourne 2006, Jumuiya ya Madola, na jezi ya Kenya. Uliza kabla hujaongea.

Mlalahoi_wa_Sinza
Na Tour akachukua kwa bendera gani?

KimihururaJuu
Mkianza hiyo hatumalizi. Mkitaka bahati mbaya ya Mwafrika ni Biniam Girmay wa Eritrea, Giro 2022 kashinda Jesi mbele ya Van der Poel, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua kwenye mbio hizi kubwa, kapanda jukwaani kufungua shampeni ya Kiitaliano, kizibo kikamrukia jichoni. Kesho yake hakuanza. Akarudi 2024 hatua tatu za Tour na jezi ya kijani. Huyo hakuanguka hata, kagongwa na kizibo!

BondeLaUfa
Ile kizibo hata sasa nikiikumbuka nacheka vibaya. Ila tuongee polepole na hizi hadithi, Sule Kangangi wetu alienda Vermont Agosti 2022 kwa mbio ya changarawe, akaanguka, hakurudi nyumbani.

Dada_Pedali
Mungu amrehemu. Nilikuwa namfuata sana.

FundiCheni
Alikuwa nahodha wa timu ya Amani, alikuwa anawavuta wengi. Pole kwenu.

Mzee_wa_Spoku
Poleni wakuu. Sasa naona kura, Remco tatu, Vingegaard moja, Roglič moja, na BondeLaUfa sijamuelewa yuko wapi.

BondeLaUfa
Niko na Vingegaard kwa akili na Remco kwa moyo. Andika unavyotaka.

Mlalahoi_wa_Sinza
Mweke Remco tu, mbuzi wako tutamla na pilipili.

KivuVelo
Miye nauliza kitu kingine. Hiyo helmeti ndefu ya mbio za saa, ile ya Remco ya dhahabu, mtu anaweza kuipata huku kwetu? Hata ya mtumba.

FundiCheni
Mtumba wa helmeti usinunue ndugu, hujui iliwahi kugonga nini. Ya kawaida mpya utapata, Kigali wapo wanaouza, muulize KimihururaJuu.

KimihururaJuu
Njoo inbox. Kichwa saizi gani?

KivuVelo
Kikubwa kabisa.