Nataka ubingwa wa watoto, ila wakilia nami machozi yananilengalenga

Mwaka_wa_Tano:
Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa tano wa udaktari, wiki iliyopita nimemaliza zamu zangu wodi ya watoto. Nimeipenda kuliko zote. Tatizo ni moja: nikimchoma mtoto sindano akalia, machozi yananilengalenga. Juzi ilibidi nitoke nje. Mwenzangu kanicheka, eti moyo huu si wa ubingwa wa watoto. Mabingwa mliomo humu, ninyi mliingiaje?

Bingwa_wa_Wadogo:
Marahaba mdogo wangu. Mimi nilitaka upasuaji. Watoto nilikuwa nawaogopa: hawasemi panapouma, na ukiwagusa wodi nzima inajua. Mwaka wa mafunzo kwa vitendo nikapangiwa wodi ya wachanga, nikanuna.

Usiku mmoja kikazaliwa kitoto kimya, kimelegea tepetepe. Nikabaki nimekodoa macho. Nesi wa zamu, mama mtu mzima, hakunifokea. Alikikausha, akakisugua mgongo, wapi! Akanitia mkononi mfuko wa kupumulishia na barakoa yake: "Kichwa kikae sawa, usikikunje. Minya kwa vidole. Tazama kifua." Pumzi inatakiwa ianze ndani ya dakika ile ya kwanza. Kifua kikapanda. Kikapanda tena. Sikumbuki niliminya mara ngapi, kitoto kikakunja uso, kikalia. Tangu hapo mtoto anayelia hanitishi. Ananitisha aliyenyamaza.

Machozi yako hayana neno. Jiulize kama una subira. Mtoto wa kikohozi mimi simgusi kwanza. Anabaki mapajani kwa mama yake, mama anainua nguo, mimi naangalia saa na kuhesabu pumzi dakika nzima, si nusu dakika kisha uzidishe mara mbili. Wa chini ya miezi 2, zikifika 60 anapumua haraka mno. Miezi 2 hadi 11 ni 50. Kuanzia mwaka hadi kabla ya mitano, 40. Ndipo nasikiliza kifua (stethoskopu ipashe joto kiganjani kwanza, jamani). Koo na masikio mwisho kabisa, maana hapo urafiki unaisha.

Na hesabu unaziweza? Dawa zetu karibu zote ni kwa uzito. Mchanga wa kilo 3 damu yake yote ni kama mililita 240, ya kujaza kikombe tu, kwa hiyo hata ya vipimo unaichukua kwa kubana. Nukta ya desimali ikihama nafasi moja, umempa dozi mara kumi. Iliwahi kuniponyoka nikisomea ubingwa, nesi akaiona kabla sijavuta dawa kwenye bomba. Mpaka leo hesabu yangu namsomea mtu wa pili kwa sauti.

Mama_Pacha:
Mimi si daktari, wanangu walizaliwa kabla ya siku zao. Mwanangu, lia, hakuna mzazi atakayekuchukia. Ila usitoke nje! Daktari mmoja alituacha hivyo, nimeshika mguu wa mtoto, sindano haijaingia, sijui anarudi au harudi. Futa macho umalize.

Mwaka_wa_Tano:
Hapo kwa kutoka nimekusikia, mama. Nisamehe kwa niaba yake. Daktari, yule nesi alikwambia nini baadaye?

Bingwa_wa_Wadogo:
Aliniuliza alama ya Apgar ya dakika ya kwanza, ile ya kupima hali ya mtoto anapozaliwa. Sikuwa nimetazama saa hata mara moja. Akaitaja yeye, nikaandika.