Fundi kala hela yangu ya meza, polisi wanasema ni madai. Kwani jinai ni ipi?

MamaNtilie_Kihonda
Wakuu, habari za jioni. Nina mgahawa mdogo hapa Kihonda, Morogoro. Mwezi wa tatu nilimpa fundi seremala 650,000 ya kutanguliza, anitengenezee meza 6 na mabenchi 12. Tuliandikishana kwenye daftari langu la mahesabu, akatia sahihi, jirani akashuhudia. Mpaka leo wateja wangu wanakalia ndoo, na simu hapokei. Jana nimekwenda kituoni. Askari kasoma daftari, kalifunga, kanirudishia: "Mama, hili ni la madai, nenda mahakamani." Hata RB, ile namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni, sikupewa. Inaniuma jamani. Mtu kala jasho langu, hiyo siyo jinai?

KaraniMstaafu
Pole sana mama. Nimekuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka 22, na swali lako nimelisikia dirishani karibu kila wiki.

Jinai ni kosa lililotajwa na sheria. Mengi yamo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Hata kama aliyeumia ni wewe, kosa linahesabiwa ni dhidi ya Jamhuri. Mshtakiwa akitiwa hatiani anafungwa au anapigwa faini, na faini hiyo inakwenda serikalini. Mahakama inaweza kuamuru akulipe fidia, ila usiitegemee. Madai ni wewe na yeye: unafungua mwenyewe, unalipa ada, unaomba hela yako irudi.

Ushahidi nao haulingani. Kwenye jinai lazima kosa lithibitike pasipo kuacha shaka. Kwenye madai inatosha mizani ielemee kwako. Daftari lenye sahihi na shahidi ni silaha nzuri sana hapo. Mahakama ya mwanzo inasikiliza madai ya fedha mpaka milioni 30, kwa hiyo usihangaike kwenda mbali.

Boda_wa_Msamvu
Mimi nilimkabidhi kijana pikipiki ya mkataba, yaani analeta hesabu kila wiki mpaka amalize ndipo iwe yake. Alipokuwa haleti hesabu ya wiki, kituoni waliniambia hivyohivyo, madai. Alipoiuza kabla hajamaliza mkataba, wakamkamata kwa wizi.

MamaNtilie_Kihonda
Asanteni. Karani, kuna kitu sikuandika. Siku ya kutoa hela alinipeleka kwenye mashine ya mbao, akanionyesha lundo la mninga: "Hizi nimeshazinunua kwa ajili yako, bado kuranda tu." Nilizishika kwa mkono wangu, ndipo nikahesabu pesa. Juzi mwenye mashine kaniambia mbao zile ni zake, yule fundi hajawahi kununua hata ubao mmoja.

KaraniMstaafu
Mama, hilo ndilo ungeanza nalo! Kuahidi meza halafu asilete, hayo ni madai. Lakini hapo alikudanganya juu ya jambo la wakati uleule, kwamba mbao ameshazinunua, akijua si kweli, na uongo huo ndio uliokutoa hela. Huko ni kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungo chake kinafika miaka 7. Rudi kituoni na mwenye mashine, eleza habari ya mbao kwanza, meza baadaye. Na madai fungua pia, kesi moja haizuii nyingine.

MamaNtilie_Kihonda
Nimempigia sasa hivi, amekubali kutoa maelezo. Kesho saa 2 asubuhi tunakutana hapohapo kituoni. Daftari nimeshalifunga kwenye mfuko wa nailoni, mvua isije ikalilowesha.